Siasa husomewa kwenye kata: niliyojifunza Chicago kwa Harold Washington

Vijana wenye asili ya Afrika Mashariki wanaonijia wakitaka kuingia kwenye siasa za Illinois, karibu wote huanzia kwenye digrii. Anti, nisome sheria au sayansi ya siasa? Chuo gani kinatoa wanasiasa? Si swali baya, na mimi niliyesoma kwa tabu siwezi kuidharau shule. Lakini nimefanya kazi za kata upande wa kusini wa Chicago kwa muda mrefu, na nimeshuhudia mtu mwenye shahada mbili akiondolewa kwenye karatasi ya kura kabla kampeni haijaanza, kwa sababu hakujua kujaza fomu za saini. Nimemwona pia mama aliyeishia sekondari ambaye diwani hathubutu kuitisha mkutano bila kupita kwake kwanza. Ndiyo maana wakiniuliza habari za digrii, mimi huwasimulia habari za Harold Washington.

Jina hilo si geni kwa anayeijua Chicago. Ndiye meya wa kwanza Mweusi wa jiji hili, aliyechaguliwa mwaka 1983. Hilo ndilo linaloandikwa kila mahali. Kwangu mimi chenye thamani zaidi ni njia aliyoipita hadi kufika pale. Alipoapishwa alikuwa na umri wa miaka 61, na karibu miaka 30 ya umri huo aliimalizia kwenye kata, kwenye ofisi za jiji na kwenye Bunge la jimbo, ngazi zile zile ambazo vijana wetu wengi wanataka kuziruka.

Nilipofika hapa kutoka Muheza, mkoa wa Tanga, kazi niliyoipata ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuwakumbusha dawa. Jioni nilikuwa nasoma katika chuo cha jiji kilichoko katikati ya mji, ambacho zamani kiliitwa Loop College na sasa kinaitwa Harold Washington College. Nilipita chini ya jina lile muda mrefu bila kujua ni la nani. Maktaba kuu ya jiji nayo, ile iliyofunguliwa mwaka 1991 kule State Street, inaitwa kwa jina hilo hilo. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia mtaa wa Bronzeville, mstaafu wa posta. Kwenye kopo la biskuti alikuwa na beji ya bluu yenye miale ya jua linalochomoza, beji ya kampeni ya 1983, na kila nilipomtajia chuo alitaka nimsomee kitu kumhusu Harold, kisha ananisahihisha waandishi walipokosea. Shule yangu ya kwanza ya siasa za Chicago ilikuwa jikoni kwa mzee yule, uji ukiwa jikoni unachemka.

Siku moja nilimweleza habari za baba yangu. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Mgeni akihamia kijijini alipelekwa kwake kwanza. Watu wakigombania mpaka wa shamba, walikaa barazani kwetu hadi usiku. Penye msiba, yeye ndiye aliyejua turubai liko kwa nani, sufuria kubwa liko kwa nani, na nani hajachangia kwa sababu hana na nani hajachangia kwa ubahili. Hakuwa na mshahara, na shule yake ilikuwa ya darasa la nne. Mzee yule akanisikiliza hadi mwisho, akasema baba yako basi alikuwa kapteni wa eneo, sawa na baba yake Harold.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunikaa. Chicago ina kata 50, kila moja na diwani wake, na kila kata imegawanywa katika maeneo madogo ya kupigia kura. Katika siasa za zamani za jiji hili kila eneo lilikuwa na kapteni. Roy Washington, baba yake Harold, alikuwa mwanasheria na mhubiri wa Kimethodisti, na alifanya kazi ya ukapteni wa chama cha Democratic katika Kata ya 3. Mwaka 1947 aligombea udiwani akashindwa. Harold alikulia katika nyumba ambayo watu wanagonga mlango kwa sababu wamefukuzwa nyumba, au mtoto amekamatwa, au makaa ya kupashia joto yamekwisha. Mtoto anayekua hivyo hasomi siasa kwenye kitabu, anaizoea kama harufu ya nyumbani kwao.

Shule ya darasani aliipata kwa kuzunguka. Alizaliwa Aprili 15, 1922. Alisoma sekondari ya DuSable akaiacha kabla ya kumaliza. Akaenda vitani, kwenye vikosi vya uhandisi vya jeshi la anga huko Pasifiki, wakijenga viwanja vya ndege visiwani. Aliporudi aliingia Roosevelt College, na hapa huwa nasimama kidogo ninapowasimulia vijana, kwa sababu historia ya chuo hicho yenyewe ni somo. Kilianzishwa mwaka 1945 na rais wa chuo kingine cha hapa mjini, Edward Sparling, pamoja na walimu wake, baada ya kugoma kuwahesabu wanafunzi kwa rangi zao ili bodi iweke kikomo cha Weusi. Wakatoka, wakaanzisha chao. Kwa hiyo Harold alikaa darasa moja na Weusi, Weupe, Wayahudi na askari waliotoka vitani, jambo la nadra Marekani ya wakati ule, na wanafunzi hao wakamchagua kuongoza baraza lao. Alimaliza mwaka 1949. Akaenda kusoma sheria Northwestern, akiwa Mweusi pekee katika darasa lake, akahitimu mwaka 1952.

Huo ndio mseto nilioutambua: chuo kilimfundisha kusoma sheria, na miaka ya Roosevelt ikamfundisha kuzungumza na watu wasiofanana naye bila kujikunja. Miaka mingi baadaye, alipohitaji kura za Wapuertoriko, Wameksiko na Weupe wa kando ya ziwa, alikuwa na ulimi wa kuongea nao. Digrii ina kazi yake, basi. Lakini tazama alichofanya nayo. Baba yake alifariki mwaka 1953. Harold, mwanasheria kijana wa Northwestern, akarudi Kata ya 3 na kuanza kazi chini ya Ralph Metcalfe, yule mkimbiaji aliyepata medali ya fedha nyuma ya Jesse Owens katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ambaye baadaye alikuwa diwani wa kata hiyo. Kazi ya Harold ilikuwa kuwapanga vijana wa chama, kugonga milango, kuandika barua za watu. Mchana alikuwa wakili katika ofisi ya sheria ya jiji, kisha mwamuzi wa madai ya wafanyakazi walioumia kazini. Miaka zaidi ya 10 ilipita hivyo kabla hajagombea cheo chochote.

Nisiufunike ubaya wa mfumo ule. Chama kilichotawala jiji, ambacho watu wote waliuita utawala wake Mashine, kilibadilisha kura kwa ajira. Ukileta kura nyingi, mwanao anapata kazi ya kuzoa taka. Zikipungua, kazi inakwenda kwa mwingine. Mitaa ya Weusi ilitoa kura nyingi ikarudishiwa makombo, na Harold alikula ndani ya mfumo huo miaka mingi kabla ya kuupa kisogo. Alipokuwa meya, mwaka 1983 hiyo hiyo, alitia saini amri ya mahakama iliyokataza jiji kuajiri na kufukuza watu kwa sababu za kisiasa. Mzee wangu wa Bronzeville alikuwa akisema Harold ndiye aliyejua pa kuvunja kwa sababu alijua pa kujenga, na mimi nakubaliana naye.

Mimi nilianza kujitolea katika ofisi ya kata baada ya kupata uraia. Watu hudhani ofisi ya diwani ni mahali pa hotuba. Ni mahali pa simu. Taa ya uchochoroni imezimika, pipa la taka limeibwa, shimo la barabarani limekula tairi, mpangaji anadai mwenye nyumba kazima joto mwezi wa pili. Jiji lina namba ya malalamiko, 311, lakini mtu akishapiga huko na kuona kimya ndipo anapokuja kwetu. Nilipewa daftari lenye safu tano: jina, anwani, tatizo, tarehe, jibu. Safu ya tano ndiyo iliyonisomesha. Bibi mmoja alikuja kulalamikia taa ya uchochoro wa nyuma ya nyumba yake. Nikaandikisha, nikapewa namba ya kumbukumbu, nikampigia nikamwambia imeandikishwa. Nikapiga tena wiki iliyofuata kumwambia mafundi wamesema waya umeoza chini kwa chini, itachukua muda. Nikapiga tena kumwambia bado. Taa ilichelewa sana kuwaka. Uchaguzi ulipokuja, bibi huyo alitufungulia sebule yake, akaita majirani wa mtaa mzima, akapika. Akawaambia wenzake kwamba sisi tulikuwa tunampigia simu hata tulipokuwa hatuna la kumwambia.

Baba alifanya hivyo hivyo Muheza, bila daftari.

Kuna jambo jingine la ofisi ya kata ambalo kijana anayetaka siasa anapaswa kulishika: fedha. Kila diwani wa Chicago hupewa fungu la kila mwaka la kutengeneza mtaa, siku hizi takriban dola milioni 1.5, achague mwenyewe barabara ipi iwekwe lami, taa ziende wapi, matuta yajengwe mbele ya shule ipi. Msomaji wa Kenya atafikiria CDF, lile fungu la maendeleo la maeneo ya wabunge, na hakosei sana. Milioni hiyo ukiisikia ni nyingi, ukiigawa ni vichochoro vichache. Mwaka 2009 Kata ya 49, iliyoko kaskazini kabisa mwa jiji, ilianza kuwaachia wakazi wapige kura wenyewe juu ya fungu hilo, kata ya kwanza Marekani kufanya hivyo, na kata nyingine zikaiga. Niliwahi kukaa kwenye mikutano ya namna hiyo. Mtu anayepiga kelele kwamba serikali haifanyi kitu, mpe kalamu na orodha ya bei za lami, taa na njia za miguu, umwone anavyotulia na kuanza kupiga hesabu. Huwa nawaambia vijana: kabla hujaandika hotuba, soma bajeti ya kata yako mstari kwa mstari, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa mlangoni ni la fedha.

Ngazi ya jimbo ni shule nyingine. Harold aliingia Baraza la Wawakilishi la Illinois katika uchaguzi wa 1964, uchaguzi wa ajabu kweli. Vyama vilishindwa kukubaliana mipaka ya maeneo ya uchaguzi ya wabunge, ikabidi wabunge wote 177 wachaguliwe na jimbo zima kwa karatasi moja ya kura iliyokuwa pana hadi watu wakaifananisha na shuka la kitanda. Kuanzia hapo akawa anasafiri kwenda Springfield, makao makuu ya jimbo, yapata kilomita 320 kutoka Chicago. Alikaa kwenye baraza hilo hadi 1976, kisha Seneti ya jimbo hadi 1980.

Springfield ilimfundisha uvumilivu na hesabu. Alipeleka mswada wa kuifanya siku ya kuzaliwa ya Martin Luther King kuwa sikukuu ya jimbo. Haukupita mara ya kwanza. Akaurudisha, hadi mwaka 1973 Illinois ikawa jimbo la kwanza kuipitisha kwa sheria, miaka 10 kabla ya Bunge la taifa kufanya hivyo. Sheria ya Haki za Binadamu ya Illinois, iliyoanza kutumika mwaka 1980 na kukataza ubaguzi katika ajira, nyumba na mikopo, alikuwa miongoni mwa walioisukuma kwa nguvu Seneti. Wakubwa wa chama walitaka apige kura wanavyoelekezwa, na kwa muda mrefu alizipima: hapa nikubali, hapa nikatae, hapa nitoke nje wakati wa kura. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Mimi silaumu, maana mbunge aliye peke yake akigombana na kila mtu kila siku, mswada wake hauna atakayeuunga mkono.

Springfield niliiona mwenyewe nilipokwenda na wenzangu wahudumu wa wazee kudai nyongeza ya malipo ya saa. Tulipanda mabasi alfajiri, giza bado. Vikao vingi vya Bunge la jimbo hukaa kati ya Januari na mwisho wa Mei, kwa hiyo miezi ile jengo linafurika watu. Ghorofa ya tatu, nje ya milango ya ukumbi, kuna reli ya shaba ambako watu husimama kumsubiri mbunge. Huruhusiwi kuingia. Unaandika kwenye kikaratasi jina lako, unampa bawabu, bawabu anaingia nacho ndani, wewe unangoja. Mawakala wa makampuni makubwa walikuwa wamesimama pale na viatu vinavyong'aa, wanajuana na mabawabu kwa majina. Sisi tulikuwa tumevaa fulana za chama cha wafanyakazi. Wenzangu wengi waliandika jina na neno "nyongeza". Mama mmoja mkongwe wa kazi hizi akatuambia andikeni anwani ya nyumbani kwanza, tena kwa herufi kubwa. Nikaandika mtaa wangu na namba ya nyumba. Mbunge wangu akatoka. Aliangalia kikaratasi akauliza, unakaa karibu na ile shule? Tukaongea dakika chache tu, lakini aliandika jina langu kwenye kijitabu chake. Walioandika "nyongeza" peke yake, wengi wao walisimama pale hadi mabasi yakaita.

Tangu siku hiyo najua kwamba anwani ndiyo silaha ya mwananchi wa kawaida. Na siku hizi si lazima kusafiri, kwani Bunge la Illinois lina fomu ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kujaza kuunga mkono au kupinga mswada unapofika kwenye kamati, na idadi ya waliojaza husomwa na wabunge. Nimewakalisha kina mama wa kanisani kwetu, Wakenya, Watanzania na Wakongo, wakajaza kwa simu zao baada ya ibada. Ukitaka kumpima kijana anayesema anataka kuwa mbunge wa jimbo, muulize ni miswada mingapi amewahi kuifuatilia kutoka kamati hadi saini ya gavana. Wengi hunyamaza.

Sasa saini. Kugombea udiwani Chicago unahitaji saini halali 473 za wapiga kura walioandikishwa katika kata yako. Kugombea Baraza la Wawakilishi la jimbo kwa tiketi ya chama kikubwa unahitaji 500, Seneti ya jimbo 1,000. Zinaonekana chache. Lakini kila saini lazima ifanane na ile iliyoko kwenye daftari la wapiga kura, anwani iwe ndani ya mipaka, mtu asiwe amemsainia mkewe, na aliyezikusanya aape mbele ya mthibitishaji kwamba ameziona zikiandikwa. Mpinzani wako ana haki ya kuzikagua moja moja na kupeleka pingamizi. Barack Obama, alipogombea Seneti ya jimbo mwaka 1996 akitokea hapa hapa upande wa kusini, watu wake walizikagua saini za wapinzani wake wa kura ya mchujo hadi wote wakatoka kwenye karatasi, akiwemo mama aliyekuwa anakishikilia kiti hicho, Alice Palmer. Wapo wanaoona si uungwana. Ni sheria, na aliyekuja bila kuijua alijifungia nje mwenyewe.

Kwa hiyo sisi hukusanya mara tatu ya zinazohitajika. Usiku tunakaa mezani na orodha ya wapiga kura na rula, mmoja anasoma jina, mwingine anateremsha rula hadi lionekane, wa tatu anapiga mstari mwekundu juu ya zisizofaa. Inachosha macho. Karatasi moja unaweza kuta saini 15 na zinazofaa ni nane: huyu kahama, huyu kaandika kwa herufi za chapa, huyu anakaa ng'ambo ya barabara ambako ni kata nyingine. Vijana wanaokuja kwa ajili ya picha na wagombea hawarudi usiku wa pili. Anayerudi usiku wa tatu, huyo namwandika jina.

Harold naye ana ukurasa ambao siwafichi. Mwaka 1972 alifungwa jela ya Cook County zaidi ya siku 30 kwa kutopeleka ritani zake za kodi ya mapato kwa miaka kadhaa. Mtu aliyesoma sheria Northwestern, mtunga sheria, anafungwa kwa fomu. Mwaka 1983 wapinzani walilipeperusha jambo hilo kila mahali. Alilikubali hadharani na hakulikimbia, lakini lilimgharimu. Ninapokaa na kijana wa kwetu anayeendesha biashara ndogo, anatuma fedha nyumbani, ana kazi mbili, huwa namwuliza habari za ritani kabla ya sera. Wageni kama sisi tutakaguliwa mara mbili zaidi ya wenzetu.

Na ujue aliwahi kuanguka vibaya. Meya Richard J. Daley alipofariki Desemba 1976, Harold aligombea umeya katika kura ya mchujo ya 1977 akapata takriban asilimia 11. Alipofuatwa tena mwaka 1982, akiwa sasa Mbunge wa taifa kule Washington, hakukubali kirahisi. Aliwaambia waliomfuata wamletee kwanza wapiga kura wapya 50,000 na fedha za kutosha kuendesha kampeni. Hakutaka kushangiliwa, alitaka idadi. Makanisa, redio za Weusi na vyama vya mitaa vikaingia kazini, watu wakaandikishwa hata kwenye ofisi za msaada wa serikali, na Edward Gardner, mwenye kiwanda cha mafuta ya nywele cha Soft Sheen, akalipia matangazo ya kuwahimiza watu wajiandikishe. Walioandikishwa wakazidi 100,000. Mzee wangu wa Bronzeville alikuwa mmoja wa walioandikisha, na alinieleza kwamba kazi yao ilikuwa kukaa na mtu hadi fomu iishe, maana wengi waliona aibu kusema hawajui kusoma vizuri.

Februari 22, 1983 akamshinda Meya Jane Byrne na Richard M. Daley, mtoto wa yule Daley wa zamani, kwa takriban asilimia 36 ya kura ya mchujo. Katika jiji ambalo mshindi wa Democratic hana mpinzani wa maana, ghafla wapiga kura wengi Weupe wakahamia kwa mgombea wa Republican, Bernard Epton. Aprili 12 Harold akapita kwa asilimia 51.7, na zaidi ya asilimia 80 ya walioandikishwa walipiga kura.

Kisha akakuta baraza la madiwani limegawanyika: 29 dhidi yake, 21 upande wake. Wale 29, wakiongozwa na Edward Vrdolyak, walizuia uteuzi wake na bajeti zake kwa zaidi ya miaka miwili. Hapa ndipo naona miaka ya Springfield ilivyomlipa. Alikuwa na turufu ya kukataa maamuzi yao, na wao hawakufikia theluthi mbili za kuipindua, kwa hiyo alisimama hapo hapo huku kesi ya mipaka ya kata ikiendelea mahakamani. Mwaka 1986 mahakama ikaamuru uchaguzi mpya katika kata saba zilizochorwa upya. Baraza likawa 25 kwa 25, na kura ya kuamua ni ya meya. Katika uchaguzi huo ndipo alipoingia Jesús García, aliyezaliwa Durango, Mexico na kuletwa hapa akiwa mtoto, akawa diwani wa Kata ya 22, mwaka 1993 akaingia Seneti ya jimbo, na baadaye Bunge la taifa. Kwa wahamiaji, njia ya García ndiyo ninayoisisitiza: eneo, kata, jimbo, ndipo mbele.

Harold alichaguliwa tena Aprili 1987. Novemba 25 mwaka huo moyo ulimsimama akiwa mezani kwake ofisini. Hapa ndipo ninapomlaumu, na mzee wangu hakupenda nikisema hivyo. Hakuwa amemwandaa mtu. Wiki iliyofuata madiwani walikaa usiku kucha kuchagua wa kushika nafasi, maelfu ya wafuasi wakiwa nje wakimtaka Timothy Evans, na alfajiri Eugene Sawyer akapatikana kwa kura nyingi za wale wale waliompinga Harold. Umoja wake ukapasuka vipande viwili, na mwaka 1989 Richard M. Daley akauchukua umeya akakaa nao hadi 2011. Kazi ya miaka 30 ilitawanyika kwa sababu kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Ndiyo sababu siku hizi kwenye kata yetu kila mwenye daftari anakaa na mtu wa pili. Binti mmoja mzaliwa wa hapa, wazazi wake wa Kisii, ndiye anayepokea langu. Anajua nani anapenda kupigiwa asubuhi, nani hataki kusikia jina la diwani wa zamani, ni nyumba gani ina mzee anayehitaji kupelekwa kituoni kwa gari kabla vituo havijafungwa saa moja jioni. Aliniuliza mwaka jana kama aendelee kusoma sheria au aache agombee. Nikamwambia asome, na Jumamosi tuonane kwenye eneo lake, kuna majengo mawili ya ghorofa ambayo hakuna hata mmoja wetu anayejua waliohamia.